Mchunguze Muuzaji Kabla ya Nyumba: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nyumba Dar es Salaam na Pembezoni Mwake

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam kwa kawaida huanza na vile vinavyoonekana kwa macho: dari ya jipsamu, vigae, madirisha ya alumini, ukubwa wa uwanja na umbali kutoka barabara ya lami. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho. Ufa ukutani huzibwa kwa gharama ambayo fundi anaweza kuikadiria asubuhi moja, ilhali nyumba iliyouzwa na mtu asiyekuwa na haki ya kuiuza humwingiza mnunuzi katika shauri linaloweza kudumu miaka, huku fedha zake zikiwa zimekwisha kutumika mikononi mwa mtu asiyepatikana kwa simu.

Sababu iko katika sheria yenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia hamiliki udongo. Anamiliki haki ya kuutumia kwa masharti na, mara nyingi, kwa muda maalumu. Kwa hiyo anayenunua nyumba hununua haki ya mtu mwingine, na nyumba hufuata haki hiyo. Haki ikiwa haipo, au ikiwa imegawanyika kwa watu ambao hawakuketi mezani siku ya mauziano, uzuri wa nyumba haumsaidii mnunuzi chochote.

Haki inayouzwa ni ya aina gani

Mwombe muuzaji, kabla hata ya kujadili bei, akuonyeshe hati aliyonayo. Jibu lake litaangukia katika mojawapo ya makundi machache, na kila kundi lina uzito wake.

Hatimiliki iliyosajiliwa ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Hutolewa juu ya kiwanja kilichopangwa na kupimwa, chenye namba ya kiwanja na jina au namba ya kitalu, na huwa ya miaka 33, 66 au 99. Watu wengi hutazama jina na namba wakaacha kutazama tarehe. Hati ya miaka 33 iliyoanza mapema katika miaka ya 1990 inakaribia ukingoni au imekwisha kufika, na anayeinunua nyumba ya namna hiyo kwa bei ya hati mpya anabeba kazi ya kuomba upya bila kupunguziwa kitu. Soma pia masharti ya matumizi: kiwanja cha makazi si kiwanja cha biashara, hata kama muuzaji amejenga fremu tatu za maduka mbele yake na zote zina wapangaji.

Leseni ya makazi ni jambo jingine kabisa. Ilibuniwa kwa ajili ya maeneo ya mijini yaliyojengwa bila mpango, na ni ya muda mfupi unaohitaji kuhuishwa. Inamtambua mkaazi na inaweza kumsaidia kukopa, lakini haina nguvu ya hatimiliki, na dalali anayeiita kwa jina la hati ama hajui kazi yake au anaijua kupita kiasi. Huko kwenye mashamba ya Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, ambako wakazi wengi wa jiji wanakwenda kutafuta unafuu, utakutana na hati ya haki miliki ya kimila, inayotolewa katika ardhi ya kijiji. Hapo halmashauri ya kijiji ina sauti ya kisheria juu ya nani anayehamishiwa haki hiyo, na mapatano baina ya watu wawili chini ya mwembe hayatoshi.

Kundi la mwisho, na huenda ndilo kubwa kuliko yote, ni nyumba isiyo na hati yoyote isipokuwa karatasi za mauziano zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Siwezi kumshauri kila mtu aziepuke nyumba hizo, kwa kuwa ndizo ambazo watumishi na wafanyabiashara wadogo wanaweza kuzimudu, na maeneo mengi yamo katika urasimishaji, yaani kupangwa na kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, unaoweza kuyafikisha kwenye hatimiliki. Lakini izingatiwe kwamba mwenyekiti wa mtaa si msajili wa ardhi. Muhuri wake unathibitisha kuwa watu fulani walifika mbele yake wakatia saini. Hauthibitishi kuwa aliyeuza alikuwa mwenye mali. Katika nyumba ya namna hii, dai mlolongo mzima wa karatasi: huyu alinunua kwa nani, na yule naye alipata wapi, hadi kwa mwenyeji wa kwanza wa eneo. Pakitokea pengo, waulize majirani wanaopakana na nyumba hiyo pande zote nne, na uwaulize bila muuzaji kuwapo.

Kwa hatimiliki, njia ya kuthibitisha ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Utahitaji namba ya hati na maelezo ya kiwanja, utalipa ada ya serikali, na utapata taarifa inayoonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki, kama nyumba iko chini ya rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu anayedai maslahi. Usikubali taarifa ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji au dalali. Peleka maombi yako mwenyewe au kupitia wakili uliyemlipa wewe, na ikiwa mazungumzo yamechukua miezi kadhaa, fanya upekuzi mwingine siku chache kabla ya kulipa, kwa kuwa rehani inaweza kusajiliwa katikati ya mazungumzo.

Nani anayeuza, na nani asiyeonekana

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu nyumba moja mara nyingi ina wenyewe wengi kuliko jina lililoandikwa kwenye hati.

Mwenza wa kwanza kumtafuta ni mke au mume wa muuzaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililosajiliwa ni lake peke yake. Ridhaa hiyo iandikwe, isainiwe mbele ya wakili, na aliyeitoa aonekane kwa macho na kitambulisho chake kitazamwe. Muuzaji akisema hana mke, aape hivyo kwa hati ya kiapo. Akisema waliachana, aonyeshe talaka ya mahakama pamoja na uamuzi kuhusu mgawanyo wa mali, kwa kuwa kutengana kwa miaka kumi si talaka. Mwenye wake zaidi ya mmoja anahitaji uangalifu zaidi: swali si yupi ni mke mkubwa, bali ni yupi anayeishi katika nyumba inayouzwa. Itembelee nyumba hiyo, upige hodi kama mgeni wa kawaida, uone nani anakufungulia mlango.

Nyumba ya mirathi ndiyo yenye mitego mingi zaidi, na ndiyo huuzwa kwa haraka na kwa bei ya kuvutia. Kikao cha ukoo, hata kikiwa na muhtasari uliosainiwa na wazee wote, hakimpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Kinachofanywa na kikao hicho ni kumpendekeza msimamizi. Mahakama ndiyo inayomteua. Kwa hiyo dai hati ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, chukua namba ya shauri, kisha nenda kwenye masijala ya mahakama iliyotajwa ukathibitishe kwamba shauri hilo lipo na kwamba uteuzi haujabatilishwa wala kupingwa. Ikiwa nyumba ina hatimiliki, msimamizi asajiliwe kwanza katika hati hiyo kwa nafasi yake ya usimamizi, ndipo auze. Baada ya hapo, ingawa msimamizi ana mamlaka yake, ni busara kila mrithi aliye mtu mzima aandike kuwa anajua mauzo hayo na anayakubali. Warithi walio nje ya nchi watumie maandishi yaliyothibitishwa huko waliko. Ujumbe wa sauti wa kwenye simu, hata wenye machozi, hautoshi. Palipo na watoto wadogo, wakili wako akueleze namna sehemu yao inavyolindwa, na asipokuwa na jibu tafuta wakili mwingine.

Muuzaji anayejiita mwakilishi wa ndugu aliye mbali aonyeshe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, inayotaja wazi mamlaka ya kuuza nyumba hiyo na kupokea fedha. Zungumza na mwenye mali mwenyewe kwa picha, umwombe akuonyeshe uso wake pamoja na kitambulisho. Tahadhari hii haina uhusiano na kumvunjia mtu heshima: mamlaka ya uwakilishi hukoma aliyeyatoa anapofariki, na imewahi kutokea mara nyingi mno kwamba karatasi zinaendelea kutembea wakati mwenyewe amekwisha kuzikwa.

Kuna pia watu walio ndani ya nyumba. Mpangaji mwenye mkataba uliolipiwa mwaka mzima, mlinzi aliyeachiwa kiwanja tangu kikiwa pori, shangazi aliyepewa chumba cha uani: kila mmoja aulizwe anakaa kwa idhini ya nani na tangu lini. Sheria ya ukomo inaweka miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi, na mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa anaweza kuja na hoja ambayo muuzaji hakuitaja.

Wageni wasio raia wa Tanzania wajue kwamba sheria haiwaruhusu kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kununua kwa jina la rafiki au mchumba ni kumpa nyumba rafiki au mchumba huyo.

Mipaka, barabara na maji

Baada ya kuridhika na mtu, sasa nenda kwenye ardhi. Ajiri mpima ardhi aliyesajiliwa, akiwa na ramani ya upimaji, atafute mawe ya mipaka na kulinganisha majira-nukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali yalipo, na ramani. Kazi hii hugundua mambo ambayo macho hayawezi: ukuta wa uzio uliomeza mita mbili za jirani, choo kilichojengwa nje ya kiwanja, au nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha pembeni kabisa huku hati ikihusu kile cha nyuma. Halmashauri nayo iulizwe kama ramani ya mipango miji inalionyesha eneo hilo kuwa la makazi. Zipo nyumba nzuri zilizojengwa juu ya maeneo yaliyotengwa kwa shule, soko au uwanja wa wazi. Omba na kibali cha ujenzi, ambacho wengi hawana.

Hifadhi ya barabara inastahili siku yake yenyewe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ndiyo asili ya alama za X ambazo wakazi wa jiji wanazifahamu: nyekundu kwa aliye ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hatarajiwi kulipwa fidia, na kijani kwa aliyekutwa na upanuzi. Lakini mita 30 nazo zisikutulize. Mwaka 2017, katika bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, hifadhi iliyosimamiwa ilizidi mita 100 kila upande kwa mujibu wa sheria za zamani za barabara hiyo, na zilianguka nyumba zilizokuwa na umeme, maji na wakazi wa miaka mingi. Kuunganishiwa huduma hakumaanishi kuhalalishiwa mahali. Andika barua kwa TANROADS kama barabara ni kuu au ya mkoa, au kwa TARURA kama ni ya mitaa, uulize hifadhi ya eneo hilo ni mita ngapi, ukapokee jibu la maandishi. Na ukiona sehemu ya ukuta wa mbele imepakwa rangi mpya ilhali kuta nyingine zimechakaa, uliza kilichofunikwa. Njia za umeme mkubwa, bomba la mafuta la TAZAMA na reli nazo zina hifadhi zake.

Maji hayasomwi katika karatasi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa bonde la Msimbazi na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, lakini mabonde ya jiji ni mengi na madogo yake hayatajwi katika habari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto, na anayejenga au kununua ndani ya eneo hilo anabeba hatari mbili, ya maji na ya amri ya kuondoka. Ukiweza, itazame nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, saa moja baada ya mvua kubwa. Usipoweza kusubiri, tafuta dalili: tuta la saruji lililoinuliwa mlangoni, mstari wa tope kwenye kuta za majirani, soketi za umeme zilizowekwa juu isivyo kawaida, na mfereji ambao mtu ameuchimba kwa jembe nyuma ya uzio.

Kuhusu jengo lenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa fundi mzuri asiyetokana na dalali atakueleza zaidi. Ufa mwembamba wa plasta si tatizo. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupitia tofali unahitaji jicho la mhandisi, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Kwenye maeneo ya karibu na bahari kama Mbezi Beach na Kigamboni, gusa sehemu ya chini ya ukuta: rangi inayopukutika na unga mweupe ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka kwenye msingi. Onja maji ya kisima kabla ya kuamini sifa zake. Fungua mfuniko wa karo la majitaka. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, karo hujaa kila baada ya wiki chache, na gharama ya gari la kunyonya inakuwa kodi ya pili ya nyumba.

Anayenunua sehemu ndani ya ghorofa aulize hati ya sehemu hiyo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, aone mahesabu ya mchango wa huduma za pamoja, na aipande ngazi kwa miguu mara moja, ili ajue lifti ikikwama atakuwa anaishi wapi.

Fedha, mkataba na uhamisho

Bei ianzie kwa mthamini aliyesajiliwa, si kwa tangazo. Dalali naye apewe haki yake, lakini akubaliane nawe mapema, kwa maandishi, nani anamlipa na kiasi gani. Fedha ya kukuonyesha nyumba ni kitu kimoja na malipo ya mauzo ni kingine. Serikali za mitaa zimezoea kudai asilimia ya bei kwa kushuhudia mauziano. Malipo halali ya serikali huja na kumbukumbu namba na stakabadhi, na anayedai bila hivyo aombwe aonyeshe msingi wa dai lake.

Mkataba lazima uwe wa maandishi, na uandaliwe na wakili wako, ambaye jina lake ulithibitishe kuwa linaruhusiwa kufanya kazi mwaka huo. Utaje bei kamili kwa shilingi; mtu atakayekushauri kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi anakuandalia hasara, kwa sababu shauri likiingia mahakamani utadai kiasi kilichoandikwa. Malipo yapitie benki hadi akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe. Yagawanywe pia: sehemu wakati wa kusaini, sehemu baada ya nyaraka zote za uhamisho kusainiwa na kukabidhiwa kwa wakili, na sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, baada ya usajili kukamilika na nyumba kuachwa wazi. Kama nyumba ina rehani, deni lilipwe moja kwa moja benki kwa mapatano ya pande tatu, na benki itoe hati pamoja na maandishi ya kuondoa rehani. Kumpa muuzaji fedha akalipe deni lake mwenyewe ni kosa ambalo sijaona sababu ya kulifanya.

Uhamisho wa nyumba yenye hatimiliki huendeshwa kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, ambazo ni taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati yenyewe ya kuhamisha. Huambatanishwa na mkataba, taarifa ya uthamini, picha na vitambulisho, ridhaa ya mwenza, na stakabadhi za pango la ardhi. Pango lisilolipwa husimamisha uhamisho, kwa hiyo mkataba useme kwamba malimbikizo ni ya muuzaji. Kodi ya faida ya mauzo nayo ni ya muuzaji: kwa mkaazi wa nchini ni asilimia 10 ya faida, na asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Wauzaji wengi hutamka bei inayobaki mkononi mwao na kumwachia mnunuzi kodi yote, jambo ambalo si haramu ilimradi umelijua kabla ya kukubali bei. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, na ada za usajili kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza Julai, basi hesabu yako ifanyike kwa viwango vya mwaka unaonunua.

Siku ya makabidhiano andikeni usomaji wa mita ya maji, namba ya mita ya LUKU na idadi ya funguo. Deni la maji hufuata mita wala halimfuati aliyehama, na kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mita yenye limbikizo italila fungu la kwanza la umeme utakaonunua. Badilisha majina DAWASA na TANESCO, badilisha jina katika kumbukumbu za pango la ardhi, na ukishapokea hati yenye jina lako fanya upekuzi mmoja wa mwisho, safari hii juu yako mwenyewe, uone kama daftari la Msajili linasema kile ambacho karatasi inasema.